Herufi Ꮃ si W: mwongozo kamili wa kuandika, kuhifadhi na kukagua herufi ya Kicherokee kwenye kompyuta

Itazame herufi hii: Ꮃ. Ukiulizwa ghafla utasema ni W. Sasa itazame hii: W. Ya pili ndiyo W. Ya kwanza inasomwa "la", na ni mojawapo ya herufi za Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Kwenye skrini ni pacha, lakini ndani ya kompyuta hazina undugu wowote.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa jedwali la maneno ya lugha mbalimbali, niliingize kwenye programu ya kujifunzia. Safu ya Kicherokee ilipendeza macho. Tatizo likaja kwenye kutafuta: ukiandika ᏣᎳᎩ, yaani "Tsalagi", jina la Wacherokee kwa lugha yao wenyewe, programu inajibu kwamba neno halipo, na neno lenyewe unaliona pale pale. Nilipoteza nusu siku nikiilaumu hifadhidata. Kumbe aliyeandika hakuwa na kibodi ya Kicherokee. Akaona Ꮃ inafanana na W, akabonyeza W, akaendelea na shughuli zake.

Mwongozo huu unaifuata herufi hiyo moja, Ꮃ, kuanzia kidole kinapogusa kibodi mpaka inapofika kwa msomaji ikiwa nzima. Nyingine 85 zinapita njia hiyo hiyo, ila chache zina vituko vyake na nitavitaja vikifika.

Kabla ya yote: unaandika silabi

Aliyeanza darasa la kwanza kwa Kiswahili ameimba ba, be, bi, bo, bu hadi ikamkaa kichwani. Mfumo wa Kicherokee umejengwa juu ya wimbo huo huo. Sequoyah, fundi wa fedha ambaye hakujua kusoma Kiingereza, aliukamilisha mwaka 1821. Yeye hakuandika l kwanza halafu a. Silabi nzima aliipa herufi yake. La ni Ꮃ, le ni Ꮄ, li ni Ꮅ, lo ni Ꮆ, lu ni Ꮇ. Kisha kuna irabu ya sita, ambayo kwa herufi za Kilatini huandikwa v: lv ni Ꮈ. Usiisome kama v ya "vazi". Ni irabu inayotokea puani.

Tarehe 21 Februari 1828 toleo la kwanza la gazeti la Cherokee Phoenix lilitoka New Echota, Georgia, likiwa na Kicherokee na Kiingereza. Herufi za risasi za kulichapa zilitengenezwa Boston, na maumbo yake ya chapa ndiyo tuliyonayo hadi leo. Mengi yanafanana mno na ya Kilatini: Ꭰ ni "a", Ꭺ ni "go", Ꮋ ni "mi", Ꮓ ni "no". Kwa hiyo macho yako, yaliyozoea Kiswahili na Kiingereza, yatakudanganya tangu mstari wa kwanza, na ni bora ujiwekee hilo akilini mapema.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba jedwali la silabi hizi halikunyooka. Mstari wa l una herufi sita, moja kwa kila irabu. Mstari wa s una saba, kwa sababu Ꮝ ni s tupu isiyo na irabu. Mstari wa m una tano tu mahali pake pa kawaida. Kwenye d na t, baadhi ya silabi zina herufi mbili tofauti na nyingine zinagawana moja. Nimewahi kuona mtu akiandika programu inayokokotoa namba ya herufi kwa kuzidisha konsonanti mara sita na kujumlisha irabu. Herufi za mwanzo zilitoka sawa, zilizofuata zikatoka vururu. Usikokotoe. Tumia jedwali.

Hatua ya 1: Ipate namba ya herufi

Kompyuta haihifadhi picha ya herufi. Inahifadhi namba, na mkataba wa dunia nzima wa namba hizo unaitwa Unicode. Kicherokee kiliingia kwenye mkataba huo katika toleo la 3.0, mwaka 1999, kikapewa herufi 85 kuanzia U+13A0 hadi U+13F4. Mpangilio ni wa jedwali la kawaida la masomo: kwanza irabu a, e, i, o, u, v, kisha ga, ka, ge na kuendelea.

Herufi yetu ni U+13B3, na jina lake rasmi ni CHEROKEE LETTER LA. Namba na jina havibadilishwi tena hata yakija matoleo mangapi ya Unicode, kwa hiyo ukishaviandika kwenye daftari lako vimeshaandikwa.

Ile "13B3" ni namba ya heksadesimali, mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita: baada ya 9 inakuja A yenye thamani ya 10, B ya 11, mpaka F ya 15. Ukitaka namba yetu ya kila siku, zidisha: 1 × 4096, ongeza 3 × 256, ongeza 11 × 16, ongeza 3. Unapata 5043. Zote mbili utazihitaji, kwa maana programu nyingine zinataka 13B3 na nyingine 5043.

Kisha weka kando pacha zake, maana hazipo mbili tu:

W ni U+0057, herufi ya Kilatini
Ꮃ ni U+13B3, "la" ya Kicherokee
Ꮤ ni U+13D4, "ta" ya Kicherokee

Ya tatu ina kijimkunjo kidogo kinachoitofautisha na "la". Kwenye simu yenye kioo kidogo kijimkunjo hicho hukioni.

Hatua ya 2: Iandike

Kama una maneno zaidi ya matano, weka kibodi. Kunakili na kubandika herufi moja moja ndiko kunakomchosha mtu mpaka anabonyeza W. Kompyuta za Mac zimekuwa na Kicherokee tangu 2003, iPhone tangu 2010, na Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Huhitaji kununua wala kupakua kitu: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, ongeza lugha, tafuta Cherokee.

Windows na Mac zitakupa kibodi za aina mbili. Ya kwanza ni ya matamshi: unabonyeza l kisha a, inatokea Ꮃ. Kwa sisi tuliolelewa na ba be bi bo bu, hii unaizoea ndani ya dakika kumi. Ya pili ni ya taifa la Wacherokee lenyewe, ambayo kila kitufe kina herufi yake na nyingine unazipata kwa kushikilia Shift. Ina kasi kwa mwenye lugha, lakini mgeni atahitaji picha ya kibodi ukutani. Mimi natumia ya matamshi na sioni haya.

Ukitaka herufi moja tu, kuna njia za mkato:

Kwenye Word ya Windows, andika 13B3 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Namba inageuka kuwa Ꮃ. Ukirudia Alt na X, herufi inarudi kuwa namba, na huo ni ukaguzi wa haraka nitakaourudia mbele.

Kwenye Linux nyingi, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, andika 13b3, kisha Enter.

Kwenye ukurasa wa wavuti, andika `Ꮃ` au `Ꮃ`. Kwenye Python, JavaScript na JSON ni `\u13B3`. Kwenye CSS ni `\13B3`, bila ile u.

Hatua ya 3: Ihifadhi kwa UTF-8, na ujue baiti zake

Wengi huiruka hatua hii, kisha hurudi kuuliza kwa nini faili limeharibika. Namba 13B3 haikai kwenye diski hivyo ilivyo. Inageuzwa kuwa baiti, yaani mafungu ya biti nane nane (biti ni 0 au 1), na njia ya kuigeuza unayopaswa kuichagua ni UTF-8. Hebu tuifanye kwa mkono mara moja. Ukishaifanya, hutatishwa tena na herufi za ajabu ajabu.

Andika kila tarakimu ya 13B3 kwa biti nne:

1 = 0001, 3 = 0011, B = 1011, 3 = 0011

Ziunganishe: 0001001110110011. Ni biti kumi na sita. Zikate mafungu matatu: nne, sita, sita.

0001 | 001110 | 110011

Fungu la kwanza litangulizwe na 1110, maana yake "hii ni herufi ya baiti tatu". Mafungu mawili yanayofuata yatangulizwe na 10, maana yake "mimi ni mwendelezo tu".

11100001 10001110 10110011

Rudisha kwenye heksadesimali: E1 8E B3. Hizo ndizo baiti za Ꮃ, popote duniani, kwenye faili lolote la UTF-8. W ya Kilatini ni baiti moja tu, 57. Neno ᏣᎳᎩ lina herufi tatu na baiti tisa:

Ꮳ = E1 8F A3
Ꮃ = E1 8E B3
Ꭹ = E1 8E A9

Ukiwa na Linux au Mac, ithibitishe kwenye dirisha la amri:

`printf 'Ꮃ' | xxd`

Utaona `e18e b3`. Ukiona `57`, umedanganywa na macho.

Kwenye hifadhidata ya MySQL, weka utf8mb4 kwenye jedwali na pia kwenye muunganisho wa programu yako. Watu hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Kwenye ukurasa wa wavuti, weka `<meta charset="utf-8">` mwanzoni kabisa mwa kichwa cha ukurasa, na neno lenyewe lifunge kwa `lang="chr"`, ambayo ndiyo alama ya lugha ya Kicherokee. Kwa faili la CSV litakalofunguliwa na Excel, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Pitia sehemu ya kuingiza data kutoka kwenye faili la maandishi, na kwenye orodha ya misimbo chagua 65001, yaani UTF-8. Kubofya mara mbili ndiko kulikozaa ugonjwa ninaoueleza sasa.

Herufi ikiharibika: isome dalili kabla ya kutibu

Kuna dalili nne, na kila moja ina chanzo chake. Ukizichanganya utaharibu hata kilichokuwa kizima.

Ukiona mraba mtupu, shukuru. Data ni nzima; kinachokosekana ni fonti. Ruka hadi hatua ya 5 na usiguse faili.

Ukiona áŽ³ mahali pa Ꮃ, baiti zako bado ni sahihi ila zimesomwa kwa msimbo usio wake, kwa kawaida ule wa zamani wa Windows unaoitwa Windows-1252. Kwenye msimbo huo E1 ni á, 8E ni Ž, na B3 ni ³. Kama kilichoharibika ni mwonekano tu, fungua upya kwa UTF-8 na kila kitu kitakaa sawa. Kama mtu ameshahifadhi faili likiwa katika hali hiyo, Python inaweza kurudisha:

`"áŽ³".encode("cp1252").decode("utf-8")`

Jibu ni Ꮃ. Lakini usishangilie mapema, maana dawa hii haiponyi herufi zote. Angalia tena baiti za Ꮳ: E1 8F A3. Ile 8F haina herufi yoyote kwenye Windows-1252. Nafasi yake iko wazi. Programu nyingine huibeba kimyakimya isionekane, nyingine huitupa. Ikitupwa, kilichobaki ni á£, na hakuna tena wa kukwambia katikati palikuwa na nini. Baiti ya pili ni 8E kwa herufi zote kuanzia Ꭰ hadi U+13BF, na ni 8F kwa zote kuanzia U+13C0 kwenda mbele. Kwa maneno mengine, herufi 32 za kwanza za jedwali huokoka na zilizobaki ndizo za mashaka. Na hata katika hizo 32, Ꭰ huishia na A0, ambayo kwenye msimbo ule ni nafasi tupu isiyovunjika. Programu inayopunguza nafasi za mwishoni mwa maneno itaifyeka. Kwa hiyo nakala ya awali ya faili usiifute hata kama umejiaminisha kwamba umeshatengeneza.

Ukiona alama ya kuuliza ya kawaida, ?, herufi imekufa. Kuna mahali ilipitishwa kwenye msimbo usio na Kicherokee, programu ikaweka ? badala yake na kuihifadhi. Hakuna amri ya kuirudisha. Rudi kwenye chanzo.

Ukiona �, almasi yenye alama ya kuuliza ndani, baiti zimekatwa katikati. Hutokea sana pale mtu anapopunguza maandishi kwa kuhesabu baiti badala ya herufi: anasema "chukua baiti kumi za mwanzo" wakati kila herufi ina tatu, ya nne inabaki na kipande.

Nikiwa hapo hapo kwenye kuhesabu, nigusie ujumbe mfupi wa simu. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ikiwa na herufi moja tu isiyo kwenye msimbo wa msingi wa simu, kiwango kinashuka hadi 70. Kicherokee chote kiko nje ya msimbo huo. Hasara si kubwa kama inavyosikika, kwani kila moja ya hizo 70 ni silabi nzima.

Hatua ya 4: Kubwa na ndogo, kituko cha mwaka 2015

Tangu 1999 hadi 2015, kwa kompyuta Kicherokee kilikuwa na herufi za aina moja tu. Lakini vitabu vya kale vilivyochapwa vilikuwa na herufi kubwa na ndogo, ndogo zikiwa na umbo lile lile ila kimo kifupi. Michael Everson na Durbin Feeling, Mcherokee aliyeitumikia kamusi ya lugha yake maisha yake yote, waliandika pendekezo, na toleo la 8.0 la Unicode mwaka 2015 likaongeza herufi ndogo. Kwa kuwa nafasi ya jirani ilikuwa imebaki finyu, ndogo 80 zilipelekwa mbali, U+AB70 hadi U+ABBF, na sita zikabanwa palepale, U+13F8 hadi U+13FD. Katika safari hiyo hiyo iliingia pia silabi ya mv, iliyokuwa imeachwa zamani, ikapewa U+13F5. Ndiyo sababu mstari wa m ulionekana pungufu: mwanafamilia wake wa sita anakaa mwisho wa jedwali.

Hesabu yake: kwa herufi kutoka U+13A0 hadi U+13EF, ongeza 97D0 kupata ndogo. 13B3 inakuwa AB83, yaani ꮃ, na baiti zake ni EA AE 83. Kwa zile za mwisho, U+13F0 hadi U+13F5, ongeza 8 tu. Ᏺ ya kwenye salamu ᎣᏏᏲ, "osiyo", ni 13F2, na ndogo yake ni 13FA.

Sasa kituko chenyewe. Kwa lugha nyingine, programu inapotaka kulinganisha maneno bila kujali ukubwa wa herufi hugeuza yote kuwa madogo. Kwa Kicherokee, kanuni rasmi ya Unicode inageuza yote kuwa makubwa. Sababu ni ahadi: maandishi yaliyohifadhiwa kabla ya 2015 yote yalikuwa kwenye namba zinazoitwa sasa kubwa, na Unicode ilishaahidi kwamba matokeo ya ulinganishaji wa maandishi ya zamani hayatabadilika. Ijaribu kwenye Python 3.5 au ya baadaye:

`"Ꮃ".lower()` inatoa ꮃ
`"ꮃ".casefold()` inatoa Ꮃ

Kwa kutafuta na kulinganisha tumia casefold pande zote mbili. JavaScript haina amri hiyo. Kwa safu ya Kicherokee mimi hutumia toUpperCase.

Na maandishi ya kawaida uyaandike kwa herufi zipi? Mengi yanayoandikwa leo hutumia kubwa tupu, nami nakushauri ufuate hivyo isipokuwa unanakili kitabu cha kale. Jihadhari na tovuti ambayo mbunifu wake ameweka `text-transform: lowercase` kwa ajili ya urembo. Amri hiyo inazihamisha herufi zako kwenda kwenye zile namba za AB, na simu yenye fonti ya kabla ya 2015 itaonyesha miraba mitupu mstari mzima. Mwenye tovuti atakuapia kwamba kwake zinaonekana.

Hatua ya 5: Fonti

Hapa ni haraka. Windows 8 na kuendelea ina Gadugi. Mac ina Plantagenet Cherokee, na Windows za kabla ya hapo, Vista na 7, zilikuwa nayo pia. Kwa simu na tovuti, Noto Sans Cherokee ni ya bure na inapakuliwa kihalali. Kwenye CSS zipange hivi:

`font-family: "Noto Sans Cherokee", "Gadugi", "Plantagenet Cherokee", sans-serif;`

Jina Gadugi lenyewe ni neno la Kicherokee, ᎦᏚᎩ, la kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Mtanzania angesema ujima, Mkenya angesema harambee.

Usichague fonti kwa urembo peke yake. Fungua Ꮃ na Ꮤ, halafu Ꮆ na Ꮐ, kwa ukubwa ule ule ambao msomaji ataziona. Ukishindwa kuzitofautisha kwa umbali wa mkono, ongeza ukubwa au badili fonti.

Onyo moja kuhusu faili za kale. Kabla ya Unicode kulikuwa na fonti zilizoweka picha za Kicherokee juu ya namba za Kilatini. Faili la namna hiyo likifunguliwa bila fonti yake linaonekana kama herufi za Kiingereza zisizo na maana, na kwa kweli ndani yake ni herufi za Kiingereza kweli. Kubadili fonti hakutoshi. Unatakiwa kujua ni fonti ipi ilitumika, uitengenezee jedwali la kubadilisha, herufi kwa herufi, kisha uhifadhi upya kwa UTF-8. Anza na herufi ishirini, uhakiki, ndipo uendelee.

Hatua ya 6: Kagua kwa namba

Hii ndiyo hatua ambayo ingeniokolea ile nusu siku. Chukua neno unalolishuku na lipitishe hapa, kwenye Python:

```
import unicodedata
for h in "ᏣWᎩ":
    print(h, "U+%04X" % ord(h), unicodedata.name(h, "haina jina"))
```

Majibu:

```
Ꮳ U+13E3 CHEROKEE LETTER TSA
W U+0057 LATIN CAPITAL LETTER W
Ꭹ U+13A9 CHEROKEE LETTER GI
```

Mgeni kajitokeza mwenyewe. Kwa faili zima, tafuta herufi yoyote ya Kilatini ndani ya safu ya Kicherokee kwa `[A-Za-z]`. Wengine hupendekeza kutafuta maneno yaliyochanganya aina mbili za herufi. Mimi siridhiki nayo, kwa sababu neno lililoandikwa lote kwa pacha za Kilatini litapita salama. Safu ya Kicherokee haina kazi na A hadi Z. Kila moja ni mtuhumiwa.

Usidhani kwamba usawazishaji wa Unicode, ule wa NFC au NFKC, utakusaidia. Kwake W ni W na Ꮃ ni Ꮃ, hauzigusi. Kama unaona hili ni tatizo la Wacherokee peke yao, tafuta "ng'ombe" kwenye nyaraka zako mwenyewe. Kibodi ya kompyuta huweka alama iliyonyooka, U+0027. Word na simu nyingi huipinda kuwa U+2019. Ng'ombe wawili, zizi moja, na ukimtafuta mmoja programu nyingi hazikuonyeshi wa pili.

Hatua ya 7: Tengeneza, kisha mpe mwenye lugha

Hapa kuna kishawishi cha kubadilisha W zote kuwa Ꮃ kwa amri moja. Usikubali. Aliyebonyeza W huenda alikuwa akitazama Ꮃ, huenda alikuwa akitazama Ꮤ, na kompyuta haina njia ya kujua. Hali ni ile ile kwa G, inayoweza kuwa Ꮆ ya "lo" au Ꮐ ya "nah".

Fanya hivi: toa orodha ya maneno yote yenye mtuhumiwa. Kwenye safu ya kwanza weka neno lilivyokuja, ya pili weka pendekezo lako, ya tatu weka namba za kila herufi, ya nne weka matamshi kwa Kilatini, mfano tsa-la-gi. Chapa kwa herufi kubwa za kutosha, pointi 18 au zaidi. Kisha mpelekee anayesoma Kicherokee. Safu ya nne ndiyo atakayoitumia zaidi, kwa sababu atalisoma neno kwa sauti na kusikia lilipopinda kabla hajatazama namba.

Katika lile jedwali langu nilikuwa na maneno kumi na tisa yenye W. Niliyapitia na kamusi mara mbili, nikayapeleka nikiwa na uhakika kabisa. Yalirudi baada ya siku tatu, mawili yakiwa yamezungushiwa duara jekundu. Yote mawili nilikuwa nimeweka Ꮃ penye Ꮤ.